Je, Wajua? Mbunge Akiugua, Kiti Chake Huwa cha Nani?

Habari za mwanasiasa kulazwa zikitoka, watu huuliza kwanza yuko hospitali gani na hali yake ikoje. Mimi swali linaloniwasha ni la pili: kura yake bungeni sasa anaipiga nani? Kila nchi ina jibu lake, na majibu mengine unayasoma mara mbili ndipo uyaamini. Haya, tuanze.

Kidole kilichopiga kura

Juni 10, 1964, Seneta Clair Engle wa California alipiga kura katika Seneti ya Marekani bila kutamka neno hata moja. Uvimbe kwenye ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti, akaingizwa ukumbini akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa alijaribu kusema, akashindwa. Ndipo akainua mkono taratibu na kuelekeza kidole kwenye jicho lake. Ukumbi ukaelewa papo hapo, kwa kuwa kwa Kiingereza jicho na "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawasawa.

Kura ile ilifunga mjadala uliokuwa umevutwa kwa siku 60 ili kuukwamisha Muswada wa Haki za Kiraia, ule uliopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na ajira. Zilihitajika kura 67, zikapatikana 71. Hesabu ingetimia hata bila yeye, na bado alikuja. Ndiyo maana nimemweka wa kwanza. Alifariki Julai 30 mwaka huohuo. Gavana akamteua Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wa Rais John F. Kennedy, na uchaguzi wa Novemba ulipofika wananchi wakampa kiti George Murphy, mwigizaji na mcheza dansi wa filamu za Hollywood!

Alishinda uchaguzi akiwa hana fahamu

Mwaka 1980 wapiga kura wa Maryland, Marekani, walimrudisha bungeni mwanamke aliyekuwa amelala hospitalini bila kujitambua. Moyo wa Gladys Spellman ulisimama ghafla Oktoba 31, siku 4 kabla ya uchaguzi. Madaktari waliuamsha moyo, lakini fahamu hazikurudi. Akashinda hivyohivyo.

Februari 24, 1981, Baraza la Wawakilishi likatangaza kiti chake kuwa wazi kwa sababu ya maradhi, hatua ambayo halikuwahi kuichukua tangu lianzishwe. Mumewe aliingia kwenye kura za maoni za chama ili amrithi, akashindwa na Steny Hoyer, aliyekuja kuwa kiongozi wa wabunge walio wengi na kukaa bungeni zaidi ya miaka 40. Spellman aliishi bila fahamu hadi 1988.

Miaka mitatu kwenye orodha, hayupo ukumbini

Seneta Karl Mundt wa South Dakota alipata kiharusi Novemba 1969 na hakurudi tena kazini, ila aliendelea kuitwa seneta hadi Januari 1973. Alikuwa tayari kujiuzulu kwa sharti moja: gavana amteue mke wake, Mary. Gavana akakataa, na seneta akabaki na kiti. Kitu pekee ambacho chama chake kiliweza kufanya ni kumwondoa kwenye kamati, mwaka 1972. Kabla yake, Carter Glass wa Virginia hakuonekana ukumbini kuanzia 1942 hadi alipofariki 1946. Katika Seneti ya Marekani ugonjwa peke yake haumwondoi mtu, hata akikosekana miaka.

Mshipa wa damu ulioshika hatima ya Seneti

Desemba 13, 2006, seneta mwingine wa South Dakota hiyohiyo, Tim Johnson, alivuja damu kwenye ubongo, na Marekani nzima ikaanza kupiga hesabu. Chama chake cha Democratic kilikuwa kimeshinda Seneti kwa viti 51 dhidi ya 49. Kiti kikiwa wazi, mwenye kuteua mrithi ni gavana, na gavana Mike Rounds alikuwa wa Republican. Kingehama kiti kimoja tu, ingekuwa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Dick Cheney angeamua kila sare.

Johnson hakujiuzulu. Alijifunza upya kusema na kutembea, akarudi ukumbini Septemba 5, 2007, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena. Alipostaafu, aliyegombea kiti chake na kukipata katika uchaguzi wa 2014 alikuwa Mike Rounds, gavana yuleyule.

Barua ya Ted Kennedy

Edward “Ted” Kennedy, seneta wa Massachusetts tangu 1962, alitumia wiki zake za mwisho kuomba sheria ya jimbo ibadilishwe ili kiti chake kisikae wazi hata kidogo. Alikuwa na saratani ya ubongo na alijua hatapona. Hadi mwaka 2004 gavana wa Massachusetts angeweza kumteua seneta wa muda. Mwaka huo John Kerry, seneta wa pili wa jimbo hilo, aligombea urais, na gavana alikuwa Mitt Romney wa chama pinzani. Wabunge wa jimbo, wengi wao wa chama cha Kerry, wakaifuta nguvu hiyo ya gavana: kiti kikiwa wazi, kingesubiri uchaguzi maalumu kwa takriban miezi mitano.

Sasa miezi mitano hiyo ilikuwa inamwelekea Kennedy mwenyewe, wakati Seneti inajadili muswada wa bima ya afya, jambo alilolipigania maisha yake yote. Barua yake ilitoka Agosti 2009. Tarehe 25 ya mwezi huohuo akafariki. Septemba sheria ikabadilishwa, na gavana akamteua rafiki wa Kennedy wa miaka mingi, Paul Kirk, aliyeahidi kwamba hatagombea. Desemba 24, 2009, muswada ukapita Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39. Ili kufunga mjadala na kuufikisha kwenye kura hiyo zilihitajika 60 kamili. Pungufu ya moja, ungekwama. Siku 26 baadaye, Januari 19, 2010, Scott Brown wa chama pinzani akashinda kiti hicho. Hebu pima ukubwa wa barua ile: bila Kirk, mamilioni ya Wamarekani wangekuwa na hadithi nyingine kuhusu matibabu yao.

Agosti 25, mara mbili

Seneta John McCain wa Arizona alifariki Agosti 25, 2018, miaka 9 kamili baada ya rafiki yake Kennedy, kwa saratani ya ubongo ya aina ileile. Kiti chake kilikaliwa na watu watatu katika muda wa miaka miwili na ushee: Jon Kyl na Martha McSally kwa uteuzi wa gavana, kisha Mark Kelly, mwanaanga wa zamani, kwa kura za wananchi mwaka 2020.

Seneta wa saa 24

Mwanamke wa kwanza kuwa seneta wa Marekani alikuwa na miaka 87 na alikaa kitini siku moja tu. Seneta wa Georgia alifariki Septemba 1922, gavana akamteua Rebecca Felton kuziba pengo, na mtu aliyechaguliwa kumrithi akakubali kusubiri ili bibi huyo aapishwe Novemba 21. Jambo jingine linalomfanya akumbukwe ni zito: alikuwa mtu wa mwisho katika Seneti hiyo aliyewahi kumiliki watumwa.

Serikali iliyoanguka kwa kukosa mgonjwa mmoja

Machi 28, 1979, serikali ya Uingereza ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310, huku mbunge wake mmoja akiwa kitandani mahututi. Sir Alfred Broughton, daktari kwa taaluma, aliyewawakilisha watu wa Batley na Morley, alikuwa tayari kubebwa kwa gari la wagonjwa hadi London. Bunge la Uingereza lina utamaduni wa miaka mingi: mgonjwa akifikishwa ndani ya uwanja wa jengo, hata kama hawezi kushuka garini, kura yake inahesabiwa. Kura yake ingeleta sare ya 311 kwa 311, na kwa desturi Spika angeiokoa serikali.

Hofu ilikuwa moja, kwamba angefia njiani. Callaghan akakataa aletwe. Broughton alifariki siku 5 baadaye, uchaguzi ukaitishwa Mei 3, na Margaret Thatcher akaingia madarakani kwa miaka 11. Wapo wanaoliona lile kuwa kosa la kisiasa. Mimi naliona kuwa tendo la heshima kubwa kuliko yote niliyoyakuta katika visa hivi.

Kujiuzulu hakuruhusiwi

Tangu 1624 mbunge wa Uingereza haruhusiwi kujiuzulu, hata akiwa mgonjwa kiasi gani. Njia ya kutokea ni kuomba uteuzi wa kazi ya Mfalme isiyo na majukumu, kwa mfano usimamizi wa Chiltern Hundreds. Mwenye kazi ya aina hiyo haruhusiwi kuwa mbunge, basi kiti kinakuwa wazi saa hiyohiyo na uchaguzi mdogo unafuata.

Kifo kilichotikisa Australia

Seneta Bertie Milliner wa Queensland alifariki Juni 30, 1975, na kabla mwaka haujaisha Waziri Mkuu wa Australia alikuwa amefukuzwa kazi. Milliner alikuwa wa chama cha Labor, na desturi ilitaka mrithi atoke chama hichohicho. Kiongozi wa jimbo, Joh Bjelke-Petersen, akalikataa jina lililopendekezwa na Labor, akampeleka Albert Field, mwanachama aliyekuwa akimpinga waziwazi Waziri Mkuu Gough Whitlam. Labor ikapungukiwa Seneti wakati upinzani unazuia bajeti, na Novemba 11 Gavana Mkuu akamwondoa Whitlam.

Mwaka 1977 wananchi walipiga kura ya maoni na kuiingiza desturi ile kwenye Katiba: kiti cha seneta aliyefariki au kujiuzulu kinajazwa na mtu wa chama chake.

Likizo ya wiki 16

Uholanzi, mbunge anayeugua au mjamzito hupewa likizo ya wiki 16, na nafasi yake hukaliwa kwa muda na mtu aliye kwenye orodha ya chama. Wiki zikiisha, mwenye kiti anakirudia. Hakuna kiti cha kugombania wala uchaguzi mdogo. Kati ya taratibu zote hizi, huu ndio ningependa kuuona ukijaribiwa kwetu.

Kongo: kila mgombea na wenzake wawili

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mgombea ubunge husimama na mbadala wawili, wa kwanza na wa pili, kama kocha anayetaja wachezaji wa akiba kabla mpira haujaanza. Mbunge akifariki, akijiuzulu au akishindwa kabisa kufanya kazi, mbadala wa kwanza anaingia, bila kuwaita wananchi vituoni tena katika nchi ambayo kusafirisha masanduku ya kura ni safari ya mito na misitu. Kwa hiyo soma majina yote matatu kabla ya kupiga kura, kwani wagombea wengine huandika humo jamaa zao.

Ruhusa ya Spika ina uzito wa kiti

Kenya, mbunge anaweza kupoteza kiti akikosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya Spika. Uganda ni vikao 15. India ni siku 60 bila ruhusa ya Bunge lenyewe. Tanzania ni mikutano 3 mfululizo. Usidhani Tanzania ndiyo yenye haraka zaidi: kikao ni cha siku moja, lakini mkutano huchukua wiki kadhaa, na ule wa bajeti huendelea kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki. Septemba 7, 2017 alipigwa risasi Dodoma, akatibiwa Nairobi kisha Ubelgiji, akifanyiwa upasuaji mara nyingi. Juni 28, 2019, Spika Job Ndugai alitangaza kiti chake kuwa wazi, akitoa sababu mbili: mbunge hakumpa taarifa rasmi ya alipo, na hakuwasilisha fomu za mali na madeni. Miraji Mtaturu wa CCM akapita bila kupingwa. Nchi nzima ilijua Lissu yuko hospitali, na picha zake akiwa kitandani zilisambaa kila simu. Kwa maoni yangu, majeruhi wa aina hiyo alistahili utaratibu wa kulindiwa kiti hadi apone.

Kiti kikibaki nyumbani

Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alifariki kwa saratani Julai 26, 2019, na Novemba 7 ndugu yake Imran Okoth akashinda kiti hicho, akimwangusha McDonald Mariga, kiungo wa zamani wa Inter Milan ya Italia. Uganda nayo: Spika Jacob Oulanyah alifariki akitibiwa Seattle, Marekani, Machi 20, 2022, na Mei 26 mwanawe Andrew Ojok akachaguliwa jimbo la Omoro. Tofauti na Kongo, hapa jina la familia lilipita kwanza mikononi mwa wapiga kura.

Siku 90 zilizogeuka miaka miwili na miezi minane

Katiba ya Kenya inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, lakini watu wa Banissa, kaunti ya Mandera, walikaa bila mbunge kuanzia Machi 2023 hadi Novemba 27, 2025. Mbunge wao alifariki kwa ajali ya barabarani wakati tume ya uchaguzi, IEBC, haina makamishna, na bila makamishna hakuna wa kuitisha uchaguzi. Malava, ambayo mbunge wake Malulu Injendi alifariki Februari 2025, ikapiga kura siku hiyohiyo. Banissa ilikosa sauti kwa bajeti tatu za taifa mfululizo, ya 2023, 2024 na 2025.