Kodi ya Chumba Mjini na Akiba ya Mwenye Mshahara Mdogo



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi kimya kimya, nalo ni kodi ya chumba mjini. Hapa Bariadi, na kadhalika Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni nyumba chache zisizo na kijana aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi. Wengine wamefika hata Dar es Salaam. Kijana huyo akiondoka husindikizwa kwa furaha. Lakini baada ya miezi sita huja habari nyingine: mwenye nyumba ataka kodi yake, na mshahara umekwisha. Hapo baba huuza ng'ombe aliyewekwa kwa ajili ya ada ya shule, au mama hutoa fedha za mbegu. Nyumba ya shamba huanza kulipa kodi ya nyumba ya mjini, na mwisho zote mbili huyumba.

Wengi husema sababu ni moja tu, kwamba mshahara ni mdogo. Nasi twakubali kuwa ni mdogo. Walakini tumewaona watu wawili wenye mshahara ule ule, katika mtaa ule ule, mmoja akilipa kodi yake kwa siku yake na mwenzake akitolewa vyombo nje. Basi yatupasa kutafuta sababu ya pili.

Sababu hiyo ni kwamba mshahara na kodi haviendi kwa mwendo mmoja. Mshahara huja kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. Kodi hudaiwa kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi katika miji yetu hutaka kodi ya miezi sita, na wengine ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza hata mkeka. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi chaonekana chepesi, lakini mlangoni hudaiwa shilingi 360,000. Akiwapo dalali, mara nyingi naye hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, jumla 420,000. Mtu asiyeweka kitu kwa miezi mitano, mwezi wa sita atazipata wapi?

Wengine huuliza kama hakuna sheria ya kuwazuia wenye nyumba. Zamani ilikuwapo: sheria ya mwaka 1984 iliweka mipaka katika kupandisha kodi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na toka hapo kodi ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa katika mkataba ndiyo ngao ya mpangaji. Asiyeandika hana ngao.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Sisi watu wa Simiyu twaifahamu taabu hii tangu zamani, ila kwetu imegeuzwa. Fedha ya pamba huja kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, nalo tumbo hudai kila siku. Wazee wetu walifanyaje? Walijenga kihenge. Baada ya mavuno walitenga mbegu kwanza, wakaweka chakula cha mwaka, ndipo wakauza kilichobaki. Hakuna mzee mwenye busara aliyeuza kwanza na kuweka mabaki, maana alijua kwamba mabaki hayabaki. Mpangaji wa mjini hana budi kufanya vivyo hivyo, naye ajaze kihenge chake kila mwisho wa mwezi. Siku ya mshahara, kabla hajanunua hata sukari, atenge kodi ya mwezi ule na kuiweka mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi.

Tuonyeshe kwa hesabu, maana maneno bila hesabu hayalipi kodi. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hata 500,000. Lakini asidhani mtu kwamba atapokea zote. Mchango wa pensheni ni asilimia 5, yaani 25,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 15,000. Na kodi ya mapato yapata 16,400. Zabaki shilingi 443,600. Mtu huyo aweza kuzigawa hivi: kodi ya chumba na sebule 80,000, chakula 150,000, nauli 40,000, umeme na maji 20,000, msaada wa nyumbani 40,000, akiba 50,000. Zitabaki 63,600 za sadaka, dawa, mavazi na simu. Hesabu hii ni mfano tu. Kila mtu apime kwa nyumba yake. Ila asibadili utaratibu huu: kodi na akiba hutoka kwanza.

Tena wako wengi ambao mshahara wao haufiki hata nusu ya huo: wauza maduka, watumishi wa nyumbani, walinzi, vibarua wa viwandani. Kwao twasema wazi: msione haya kupanga wawili wawili. Vijana wawili waliotoka kijiji kimoja, wanaojuana tabia, wakigawana chumba cha 60,000, kila mmoja hulipa 30,000, na kwa miezi sita amepunguziwa 180,000. Lakini waandikiane mapema ni nani atanunua mkaa, ni nani atalipa maji, na mmoja akiondoka itakuwaje. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu ya ndoo ya maji.

Juu ya kuchagua mahali, mji wa Mwanza una namna yake. Vyumba vya mabondeni karibu na mji vina bei. Vyumba vya juu mawemawe, kama upande wa Mabatini na Igogo, mara nyingi huwa nafuu, lakini mtu hupanda kwa miguu, na mahali pengine maji hupandishwa kichwani. Vyumba vya pembeni, kama Buhongwa, Igoma na Kishiri, navyo huwa nafuu, ila vina nauli. Mpangaji asitazame kodi peke yake. Ajumlishe kodi na nauli pamoja. Tuseme chumba cha mbali kimepungua shilingi 20,000 kwa mwezi, lakini safari ya kwenda na kurudi imezidi shilingi 1,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi nauli hiyo ni 26,000. Basi hakupata nafuu. Amepoteza 6,000, na usingizi wa asubuhi juu yake.

Kabla ya kutoa fedha, aangalie mambo manne. La kwanza, ahakikishe kwa mwenyekiti wa mtaa au mjumbe kwamba anayepokea fedha ndiye mwenye nyumba kweli, maana wako matapeli waliopangisha chumba kimoja kwa watu watatu. La pili, mkataba uandikwe, wenye tarehe, kiasi, muda wa taarifa kabla ya kutoka, na sahihi za mashahidi; naye apewe risiti. La tatu, aulize umeme wa LUKU hugawanywaje, hasa kama yuko jirani mwenye friji na yeye ana taa moja. Ajue pia kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa ndani ya fedha za umeme, nayo ni deni la mwenye nyumba. Basi wapatane mapema jinsi ya kuirudisha. La nne, aombe kwa adabu kulipa miezi mitatu mitatu. Wengine watakataa, lakini mwenye nyumba aliyekwisha kusumbuliwa na wapangaji wabaya humpenda mtu mwenye kulipa kwa wakati. Kuuliza si ujinga.

Je, akiba iwekwe wapi? Fedha iliyo katika simu ni kama karanga mfukoni. Mkono huichota bila kuhesabu. Ni afadhali iwekwe katika akaunti ya benki ya peke yake, au katika SACCOS ya kazini, au katika kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambacho wengi hukiita VICOBA. Kikundi kizuri hukutana kila juma, huhesabu fedha mbele ya watu wote, na sanduku lake huwa na kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu. Kwa Sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha, vikundi hivi hupaswa kuandikishwa kupitia halmashauri. Ulizeni cheti kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Mpangaji mwerevu huomba mgawo wa kikundi uangukie mwezi wa kodi. Kuungana si jambo geni kwetu. Wakulima wa pamba wa Usukuma, walipochoka kupunjwa katika mizani, waliunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikawa muungano mkubwa wa ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake.

Lakini jihadharini na mkopo wa haraka, ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu. Mtu hukopa 100,000 ili kulipa kodi, na baada ya wiki chache hudaiwa zaidi sana, na vyombo vyake huchukuliwa. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wengine walituma ujumbe wa kumwaibisha mkopaji kwa jamaa zake wote. Kodi iliyolipwa kwa mkopo wa namna hiyo haijalipwa. Imehamishwa tu kutoka kwa mdai mpole kwenda kwa mdai mkali. Na mchezo wa kubahatisha tusiutaje kama njia ya kupata kodi, maana tumeona mishahara mizima ikiishia humo Jumamosi moja.

Sasa twageuka kwenu, wazazi mliobaki nyumbani. Msiifanye pamba kuwa kihenge cha mtoto wa mjini. Mwaka 2022 bei iliyofungua msimu ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Mwaka 2023 ikafunguliwa kwa 1,060. Kodi ile ya miezi sita, 360,000, mwaka wa kwanza ilitaka kilo 231 za pamba. Mwaka wa pili ilitaka kilo 340. Jasho la zaidi ya kilo 100 limeongezeka, na chumba ni kile kile. Mkitaka kumsaidia mtoto, msaidieni mara moja tu, mwanzoni: kodi ya kwanza, godoro na sufuria. Mwambieni mbele ya jamaa kwamba kodi ya pili ni yake. Baadaye mpelekeeni chakula, siyo fedha. Gunia la mpunga, michembe na choroko hupunguza chakula cha mjini kuliko fedha mtakazopata kwa kuviuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini.

Na upande mwingine, msimkamue. Tumewasikia wazazi wakipiga simu kila juma: leo bati, kesho harusi, kesho kutwa deni la duka. Kijana huona aibu kusema hana, basi hutoa fedha ya kodi, kisha hufukuzwa, kisha nyinyi wenyewe huuza ng'ombe ili kumrudisha chumbani. Mlichokipokea kwa mkono wa kuume mmekitoa kwa mkono wa kushoto, na hasara juu. Kubalianeni kiasi kimoja cha mwezi, hata kikiwa kidogo, nanyi msikivuke ila kwa ugonjwa au msiba.

Nanyi vijana, semeni kweli nyumbani. Yuko anayerudi Desemba na viatu vipya na redio kubwa, wazee wakadhani ni tajiri, kumbe Januari chumba chake kimefungwa kwa kufuli la mwenye nyumba. Fahari ya siku kumi isikuleteeni fedheha ya miezi sita.

Mwisho, walimu. Ninyi mwafundisha hesabu za kujumlisha maembe na machungwa. Wapeni wanafunzi wa darasa la saba hesabu ya mshahara, kodi na nauli, nao waigawe wenyewe. Wengi wao wataziona fedha hizo kabla ya miaka mitano kupita, na hakuna atakayewaonya siku ile dalali atakapowafungulia mlango.

Basi, ndugu zetu, mshahara mdogo hatuwezi kuukuza kwa maneno. Lakini kodi yaweza kuwekwa kwanza, na akiba yaweza kuanza hata kwa shilingi 5,000, maana haba na haba hujaza kibaba. Kihenge hujazwa wakati wa mavuno; anayekwenda kukijenga wakati wa njaa hana cha kutia ndani.