Mmea Unaoua Njaa: Ukweli ni Upi?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Likizo ya Agosti iliyopita nilikwenda kumzuru shangazi yangu, mama mwenye mwili mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Baada ya kuamkuana, alinionyesha kikopo cha vidonge alichouziwa mjini.

"Hii ni mitishamba ya jangwani, mwanangu. Ukimeza, njaa inakatika yenyewe! Eti hata panya walijaribiwa wakakonda."

Juu ya kikopo paliandikwa neno moja: Hoodia. Nilipatwa na wasiwasi kwa sababu shangazi ana presha. Nikamsihi angoje kwanza, naye akacheka tu. Basi niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa Bayolojia, nikajifungia maktabani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Hoodia ni mmea wa miiba unaoota katika nchi kame za kusini mwa Afrika. Ukiuona utadhani ni dungusi, kumbe sivyo. Maua yake hunuka kama nyama iliyooza, na harufu hiyo huwavuta nzi wanaoyachavusha. Tangu jadi, Wasan wa Kalahari huutafuna wanapokwenda kuwinda ili wasahau njaa na kiu.

Wanasayansi wa serikali ya Afrika Kusini walianza kuuchunguza katika miaka ya 1960. Wanyama wa maabara waliopewa dondoo lake walipunguza kula. Baadaye kemikali inayofanya kazi hiyo ilitambuliwa, ikaitwa P57. Mnamo 2004 watafiti wa Marekani waliwadunga panya kemikali hiyo moja kwa moja ndani ya ubongo. Katika muda wa saa 24, panya hao walipunguza chakula kwa kati ya asilimia 40 na 60. Ilionekana kwamba P57 huiongezea nishati sehemu ya ubongo inayopima njaa, nayo ikadhani mwili umeshiba.

Je, si habari njema hiyo? Hebu tulia, msomaji. Panya alidungwa sindano ubongoni, lakini shangazi anameza kwa mdomo! Kidonge lazima kipite tumboni penye asidi, kisha kwenye ini, ndipo kifike kwenye damu. Huenda kisifike ubongoni kabisa. Aidha, dozi ya panya si dozi ya binadamu. Tena binadamu hali kwa sababu ya njaa peke yake. Mara ngapi tumeshiba githeri, kisha tukaonyeshwa mandazi tukaongeza?

Ndiyo maana dawa haina budi kujaribiwa kwa watu. Mnamo 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 49 wanene. Kwa siku 15, wengine walikunywa maziwa ya mtindi yenye dondoo la Hoodia, na wengine mtindi mtupu. Matokeo? Walionywa Hoodia hawakupunguza kula wala uzito kuliko wenzao. Badala yake walipata kichefuchefu, wengine wakatapika, na shinikizo lao la damu likapanda. Hapo niliposoma, nilimkumbuka shangazi, moyo ukanidunda.

Makampuni makubwa nayo yalikuwa yameshanawa mikono. Pfizer iliachana na mmea huo mwaka 2003, na Unilever mwaka 2008. Baadhi ya vidonge vilivyouzwa madukani vilipopimwa, havikuwa hata na chembe ya Hoodia. Wasan nao, wenye ujuzi huo, hawakuulizwa wakati haki za ugunduzi zilipoandikishwa. Ni mwaka 2003 tu walipofikia mkataba wa kupewa asilimia 6 ya mrabaha. Lakini dawa isipouzwa, mrabaha utatoka wapi?

Likizo fupi ilipofika nilimweleza shangazi yote haya. Akaniuliza, "Kwani panya hawakukonda?"

"Walikonda, shangazi. Lakini wewe si panya."

Alinyamaza kwa muda. Kesho yake tulifuatana hadi zahanati, kikopo mkononi. Presha yake ilikuwa imepanda kuliko kawaida. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni vidonge vilivyoipandisha, ila alimwambia aviache mara moja na asisahau dawa zake za presha. Siku hizi shangazi hutembea hadi sokoni badala ya kupanda matatu, na amepunguza chapati za jioni.

Simaanishi kwamba mitishamba haifai. Dawa ya malaria tunayoitegemea leo ilitokana na mmea, lakini ilijaribiwa kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu. Kwa hivyo, wenzangu, mtu akikuambia kwamba panya walikonda, muulize: walipewaje, kiasi gani, na watu je? Haraka haraka haina baraka.