Baruti, Mvua na Kutu: Kemia ya Gobori za Maniema

Tarehe 22 Aprili 1893 mji wa Kasongo, kusini mwa Maniema, uliangukia mikononi mwa jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis. Nyangwe ilikuwa imetekwa tangu 4 Machi. Kabambare ikafuata Januari 1894, na utawala wa Waarabu na wafuasi wao, walioitwa Waungwana, katika Lualaba ukafikia mwisho. Simulizi za vita hivyo hutaja watu: Sefu bin Hamed, mwana wa mfanyabiashara Tippu Tip; Rumaliza, mfanyabiashara mwingine; na Gongo Lutete, aliyehamia upande wa Dhanis, kisha akauawa Septemba 1893 na wale wale aliowasaidia. Ni haki watajwe. Lakini nyuma ya majina hayo kuna jambo ambalo wanahistoria hulipita haraka: maelfu ya bunduki zilizokuwa zikiliwa na hewa ya nchi yenyewe, usiku na mchana.

Mwenye bastola mpya ya mashindano leo, awe Nairobi au Brussels, hujiuliza mambo mawili kabla ya jingine lolote. Nikivuta kifyatulio, italia? Na italia mara ngapi kabla haijahitaji kusafishwa? Watu wa Kasongo na Kabambare walijiuliza hayo hayo miaka 130 iliyopita, tena kwa roho zao. Jibu limo katika kemia.

Silaha zilizobebwa vichwani

Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, yakachukua zile zinazofunguliwa nyuma. Marundo ya bunduki kuukuu yakatafutiwa soko, na Afrika Mashariki ikawa soko hilo. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia sehemu hii ya Afrika kila mwaka. Wapagazi walizibeba kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, zikavushwa Ziwa Tanganyika, zikapanda hadi Kabambare, zikapita nchi ya Lusangi mpaka Kasongo na Nyangwe.

Njia hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, Septemba 1869. Baadaye alilala hapo miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Tarehe 15 Julai 1871, akiwa sokoni Nyangwe, aliona watu wenye bunduki wakiwafyatulia wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Kwa hiyo tunapochunguza uimara wa gobori, tusisahau kazi iliyofanyiwa.

Cheche inayotafuta baruti

Gobori za zamani zaidi ziliwashwa kwa jiwe la gumegume. Jiwe hilo likigonga bamba la chuma cha pua, makali yake hukwangua vipande vidogo mno vya chuma. Msuguano huvipasha moto, vikashika oksijeni na kuwaka. Kwa hiyo kinachowaka ni chuma chenyewe, wala si jiwe. Cheche huanguka kwenye kisahani chenye baruti kidogo, moto ukapita katika tundu jembamba hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu.

Kila hatua hapo ni nafasi ya kushindwa. Jiwe huwa butu baada ya milio michache. Upepo huipeperusha baruti ya kisahani, na manyunyu huilowanisha. Tundu nalo huziba masizi. Mwaka 1807 mchungaji wa Uskoti, Alexander John Forsyth, alipata hataza ya njia nyingine: kutumia kemikali inayolipuka kwa kugongwa. Kutokana na wazo hilo ikazaliwa fataki, kikombe kidogo cha shaba chenye chembe za zebaki fulmineti ndani.

Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilizilinganisha njia hizo mbili huko Woolwich kwa majaribio 6,000 kila moja. Bunduki za gumegume zilikataa kulia takriban mara moja katika kila mara sita au saba. Za fataki zilikataa mara moja katika kila 166. Vitani funzo hilo lilikuja kuonekana karibu na Canton, China, tarehe 30 Mei 1841. Kikosi kimoja cha askari wa Madras, waliopigana upande wa Waingereza wakiwa na bunduki za gumegume, kilinaswa na mvua kubwa, bunduki zikanyamaza, wakabaki na singe tu mpaka wenzao wenye fataki walipokuja kuwaokoa.

Hata hivyo fataki ilikuwa na udhaifu wake, nao ulikuwa mkubwa hasa Maniema. Jiwe gumu mtu huweza kuliokota na kulichonga, na mhunzi wa kijiji huweza kunyoosha springi iliyopinda. Fataki hutoka kiwandani. Njia ya pwani ikifungwa, bunduki nzima hugeuka rungu. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890 uliutumia ukweli huu. Ulizuia silaha bora zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Waliouandika walijua vizuri ni silaha ipi inayonyamaza upesi.

Chumvi inayobaki

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na katika mapishi yaliyozoeleka shura huwa robo tatu. Mwaka 1875 Andrew Noble na Frederick Abel walichapisha vipimo vyao vya kilichobaki baada ya kuungua. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi. Hubaki kitu kigumu, hasa kaboneti, salfeti na salfaidi ya potasiamu. Sehemu yake hutoka kama ule moshi mweupe mzito, na sehemu hung'ang'ania ndani ya mtutu.

Mabaki hayo huleta madhara mawili. Kwanza huufanya mtutu kuwa mwembamba, na baada ya milio kadhaa mdeki hausukumi tena risasi kwa wepesi. Ndiyo maana risasi za gobori zilitengenezwa ndogo kuliko tundu la mtutu, na mara nyingi watu walitumia vipande vya chuma tu. Uwazi huo uliiwezesha bunduki chafu kuendelea kulia, lakini ulipoteza shabaha: gesi ilivuja pembeni, risasi ikatoka ikiyumba.

Madhara ya pili huja baada ya vita kwisha. Kaboneti ya potasiamu huvuta maji kutoka hewani kama chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika, tena kwa nguvu zaidi. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 43 hivi, kaboneti hiyo huanza kuyeyuka yenyewe. Ukanda wa Lualaba kwa sehemu kubwa ya mwaka una unyevu unaozidi hapo. Bunduki iliyolia asubuhi na kuwekwa pembeni bila kuoshwa, jioni huwa imekwisha kupata utando wa maji yenye chumvi ndani ya mtutu.

Utando huo ndio kutu huuhitaji. Chuma hutoa elektroni mahali pamoja, oksijeni huzipokea mahali pengine, na maji yenye chumvi huwa njia kati yao. Kutu inayotokea huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasuka na kubanduka, na chuma kipya hubaki wazi kuliwa. Mwanakemia W. H. J. Vernon alionyesha katika utafiti wake wa karne iliyopita kwamba kutu huenda polepole katika hewa kavu, kisha huongeza kasi kwa ghafla unyevu unapozidi asilimia 60 hivi, hasa pakiwa na uchafu juu ya chuma.

Hapa ndipo wengi hukosea hadi leo. Wanaona mtutu umechafuka, wanaupaka mafuta, wanaridhika. Mafuta hayayeyushi chumvi. Mwaka 1922 Wilbert Huff wa Idara ya Migodi ya Marekani alithibitisha kwamba mtutu huweza kuoza chini ya utando wa mafuta. Mkosaji wake alikuwa kloraidi ya potasiamu iliyotoka kwenye viwashio vya risasi za wakati huo. Dawa ni ya kale: maji ya moto kwanza, kukausha kabisa, kisha mafuta. Askari wa Uingereza walimiminia maji ya moto katika mitutu yao hata baada ya baruti isiyo na moshi kuenea, kwa sababu hiyo hiyo.

Albini na ganda la shaba

Askari wa Dhanis walibeba hasa bunduki aina ya Albini, muundo wa Ubelgiji wa mwaka 1873. Haikuwa mpya wala haikuwa ya ajabu. Ilipiga risasi moja moja na ilitumia baruti nyeusi ile ile, yenye mabaki yale yale. Ubora wake ulikuwa katika ganda la shaba lililobeba kiwashio, baruti na risasi pamoja. Mvua haikuifikia baruti kwa urahisi. Ganda lilipopigwa lilitanuka, likaziba nyuma ya mtutu gesi isivuje, kisha likasinyaa likatolewa. Tena mtutu uliofunguka nyuma uliweza kusafishwa na kukaguliwa kwa kuchungulia hadi mwanga wa upande wa pili.

Vita vya Maniema havikuamuliwa na ganda la shaba peke yake. Miungano iliyovunjika ilichangia pakubwa. Lakini tukiweka upande mmoja silaha ambayo kila hatua yake iko wazi kwa mvua, na upande wa pili ile iliyofungwa ndani ya shaba, tunaelewa kwa nini idadi ya bunduki za Kasongo haikuwa kipimo cha nguvu yake.

Somo kwa mlenga shabaha wa leo

Kanuni hizo hazijabadilika katika bastola za mashindano. Katika mchezo wa Olimpiki wa bastola ya kasi ya mita 25, wapigaji hufyatua risasi tano kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Ili kupata shabaha, mafundi hubana sana maungio ya mtutu na sehemu inayosogea juu yake, na hulegeza springi ya kifyatulio. Kinachoongeza shabaha hupunguza nafasi ya uchafu kupita. Ni mvutano ule ule wa gobori, ila umegeuzwa: gobori ilikubali uchafu ikapoteza shabaha, bastola ya mashindano hupata shabaha na haivumilii uchafu.

Ndiyo sababu bastola mpya ya aina hii huhitaji kupigwa kwa mazoezi kwanza mpaka vyuma vizoeane, kupakwa mafuta kwenye njia zinazosuguana, na kubadilishwa springi zinapochoka. Ikikwama, aghalabu kosa huwa katika magazini au katika risasi zenyewe kuliko katika mtutu. Risasi ndogo za inchi 0.22 huwa na kiwashio kilichosambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo usiojaa sawasawa hukataa kuwaka. Viwashio vya leo havileti tena chumvi ya Huff, lakini vingi vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Anayesafisha bastola anawe mikono kabla ya kula na asiwaruhusu watoto karibu na matambara yake.

Ombi kwa wenye gobori za urithi

Nyumba za Kasongo na Kabambare bado zinaweza kuwa na mitutu ya enzi hiyo, imesimama pembeni au imefungwa darini. Ni ushahidi wa historia yetu, uchungu wake ukiwemo, na inastahili kuhifadhiwa. Lakini baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Iliyoshindiliwa zaidi ya karne moja iliyopita bado inaweza kulia, na bunduki iliyooza mtutu humpasukia aliyeishika. Msiijaribu, msiipashe moto, msiwape watoto waichezee, wala msiingize chuma ndani yake. Waiteni kwanza wataalamu wa silaha waikague na kuitoa baruti. Ikishakuwa salama, ioshwe, ikaushwe, ipakwe mafuta, kisha iandikiwe jina la aliyeimiliki na mahali ilipotoka.