Unga wa Mukombero Uliouziwa ni Mukombero Kweli? DNA Iko na Jibu, Lakini Si Lote

Shuka stage yoyote Western ama Nyanza, kutoka Kakamega hadi Oyugis, na hutakosa msee anauza mukombero. Mzizi ukiwa mzima hakuna stress: unautafuna, unasikia ile harufu kama ya vanila, mambo kwisha. Noma ni ukishasagwa. Majani hakuna, maua hakuna. Utajuaje huo unga ni Mondia whitei, jina lake la kisayansi, na si mzizi mwingine tu?

Kwa Kijaluo, yath ni mti na pia ni dawa. Ukibadilishiwa mti, umebadilishiwa dawa.

Hapo ndipo DNA inaingia. Kila mmea umeandikwa ndani ya seli zake kwa herufi nne: A, T, G na C. Si lazima usome kitabu kizima. Maabara inachukua kipande kifupi, inakitoa kopi mamilioni, mashine inakisoma, kisha kinalinganishwa na mimea inayojulikana. Ni kama barikodi ya supamaketi. Mwaka 2009 wataalamu walipendekeza jeni mbili za kutambua mimea ya nchi kavu: rbcL na matK. Siku hizi kuna mashine inaitwa MinION, inatoshea mfukoni na unaichomeka kwa laptop. Watafiti washaipeleka hadi shambani hapa Afrika Mashariki kusaka virusi vya muhogo.

Lakini usichocheke haraka.

Kwanza, moto na kemikali za kiwandani huharibu DNA. Mwaka 2015, ofisi ya mwanasheria mkuu wa New York ilipima dawa za mitishamba kutoka maduka makubwa manne. Asilimia 21 pekee ya vipimo ndiyo ilipata DNA ya mmea ulioandikwa kwa chupa. Wakosoaji wakauliza: mmea haukuwepo, ama DNA yake ilifutika kiwandani?

Pili, DNA inatambua mmea, haioni kemikali zilizoongezwa. Huko Marekani, FDA imenasa mara nyingi dawa za nguvu za kiume zinazoitwa za asili zikiwa zimefichwa sildenafil, ile ya Viagra. Ukichanganya hiyo na dawa za moyo zenye nitreti, presha inaweza kushuka hadi ikuue.

Kwa hivyo kabla ulambe unga, uliza maswali mawili: ni mmea gani, na umeongezwa nini? DNA inajibu la kwanza. La pili linataka kipimo cha kemia. Kama huna vyote viwili, nunua mzizi mzima utafune mwenyewe.