Mtafiti Hupimwa kwa Mizani Gani?

Sisi wanafunzi tunazijua sana namba. Kila mwisho wa muhula kuna wa kwanza, kuna wa kumi, na kuna wa kushika mkia. Kumbe hata watafiti wa magonjwa na dawa wana namba zao! Katika makala haya nitaeleza namba hizo hupatikanaje na kama ni za kuaminiwa.

Mtafiti akigundua jambo huliandika katika jarida la kisayansi. Mwingine akilitumia katika kazi yake, ni sharti amtaje aliyemtangulia. Huko ndiko kunukuliwa. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha orodha kubwa ya kuonyesha nani amemnukuu nani. Basi kuhesabu kukawa rahisi.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta kipimo kinachoitwa h. Tuseme mtafiti ana makala matano yaliyonukuliwa mara 20, 9, 4, 3 na 1. Makala yake matatu yamenukuliwa angalau mara tatu kila moja, lakini hana manne yaliyofikisha mara nne. Kwa hivyo h yake ni 3. Ni hesabu ya kidato cha kwanza tu!

Hata hivyo, hesabu hii si mchezo. Vyuo vingi na wafadhili huitazama wanapoajiri na kugawa pesa za utafiti. Hapo ndipo taabu huanza, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wako wanaoikatakata kazi moja iwe makala manne, na wako wanaojinukuu wenyewe kila kukicha.

Isitoshe, kunukuliwa sana si sawa na kugundua jambo kubwa. Makala ya Mmarekani Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 yamenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Yanaeleza nini? Njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminiko, basi. Ni kazi nzuri, na maabara nyingi ziliihitaji, lakini haikuwa tiba ya ugonjwa wowote.

Sasa tumtazame Bi. Tu Youyou wa Uchina. Mwaka 1969 alipewa kikundi cha kutafuta dawa ya malaria katika mradi wa siri wa serikali, kwa sababu klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Alipekua vitabu vya waganga wa kale. Katika kimoja, kilichoandikwa na Ge Hong miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, alisoma kwamba mmea fulani huloweshwa katika maji na kukamuliwa. Hakuna palipotajwa kuchemsha! Akawaza: pengine moto ndio unaoiharibu dawa. Akaikamua kwa etha, ambayo haihitaji moto mkali. Mnamo Oktoba 1971, sampuli nambari 191 iliua vijidudu vyote vya malaria katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa dawa hiyo wenyewe kwanza, kabla ya kuwapa wagonjwa.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 1977, makala hayakuwa na jina la mtu hata mmoja. Yalitiwa jina la kikundi tu. Je, hapo utamhesabia nani? Bi. Tu hakuwa na shahada ya uzamifu wala hakusomea ng'ambo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Zile tembe za manjano za malaria tunazopewa zahanati hapa Kenya zina dawa iliyotokana na kazi hiyo.

Sisemi namba zitupwe. Zinaonyesha ni nani anasomwa na wenzake, na hilo ni jambo jema. Lakini mizani ya kupimia sukari haipimi utamu wake. Mwaka 2012, huko San Francisco, wanasayansi walianza azimio la kutaka kila kazi ipimwe kwa ubora wake yenyewe, si kwa jarida lililoichapisha.

Nawe mwenzangu unayetaka kuwa mtafiti, usianze kwa kuuliza utanukuliwa mara ngapi. Uliza ni homa ya nani utakayoishusha. Kizuri chajiuza.