Fahamu: Nyaraka za kumwombea mwenza ukaazi wa kudumu Marekani

Grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, humruhusu mume au mke wa raia wa Marekani kuishi na kufanya kazi nchini humo.

Nini huandaliwa?

Fomu I-130, cheti cha ndoa, na hati ya talaka au kifo kwa aliyewahi kuoa au kuolewa. Hati ya Kiswahili hutafsiriwa yote kwa Kiingereza, mfasiri akithibitisha kwa saini. Fomu I-864 huonyesha kipato cha mdhamini, yaani raia anayemwombea mwenza.

Ushahidi wa ndoa

Hapa ndipo pazito, kwani cheti pekee hakitoshi. Huhitajika ushahidi kama mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya pamoja au vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wanaoishi mbali na wenza wao waonyeshe tiketi, fedha walizotumiana na mawasiliano. Ni vyema kuhifadhi ushahidi huu mapema.

Ndoa changa

Ikiwa ndoa haijatimiza miaka 2 ukaazi unapotolewa, mwenza hupewa kadi ya miaka 2. Fomu I-751 huwasilishwa ndani ya siku 90 kabla kadi hiyo haijaisha muda wake.