Seva Inapoteza Pakiti? Usitoe Hela Bado

Seva ya Linux ikianza kupoteza pakiti, wauzaji hawakawii. Mmoja atakushauri ubadilishe kadi ya mtandao, mwingine atakuuzia huduma ya ufuatiliaji ya kulipia kila mwezi, tena kwa kila seva. Subiri kwanza. Mara nyingi anayezitupa pakiti ni kerneli yenyewe, na zana za kumfuatilia ni za bure. Utakacholipa ni muda, bando na nguvu kidogo ya prosesa.

Anza na vihesabio: ip -s link, ethtool -S na nstat. Haviilemei seva hata kidogo. Makosa ya CRC yakipanda, badilisha waya kabla hujaifikiria kadi. UdpRcvbufErrors ikipanda, programu yako inachelewa kusoma, na hakuna kadi ya bei yoyote itakayoiharakisha. Kasoro ya vihesabio ni kwamba vinakwambia ni ngapi zimepotea, si zipi.

Wengi hukimbilia tcpdump, zana ya kunasa pakiti. Kuianza ni bure, kuiacha iendelee ndiyo ghali: laini ya gigabiti 1 ikijaa na ukarekodi kila kitu, diski inameza megabaiti 125 kwa sekunde, yaani gigabaiti 7.5 kwa dakika. Isitoshe, pakiti inayoingia huonekana humo kabla ya kufika kwenye ukuta wa moto. Utaiona imeingia salama, kumbe sheria yako mwenyewe imeitupa muda huohuo. Itumie kujua kama pakiti ilifika, basi.

Thamani halisi iko kwenye kituo cha ufuatiliaji kinachoitwa kfree_skb, kilichomo ndani ya kerneli. Dropwatch, zana ya tangu 2009, inakitumia na kukutajia fanksheni ambamo pakiti ilitupwa. Kazi ya kukisia kwa nini inabaki yako. Kuanzia kerneli 5.17 ya mwaka 2022, sababu inaandikwa waziwazi. Ukikisoma kituo hicho kwa zana ya perf utakuta mstari wenye protocol=2048, yaani IPv4, na mwishoni reason: NO_SOCKET. Maana yake hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ambao pakiti ilielekezwa. Ukikuta NETFILTER_DROP, kakague sheria za ukuta wa moto.

Kwa hiyo angalia toleo lako kabla ya kupoteza usiku mzima. Debian 12 ina kerneli 6.1 na Ubuntu 24.04 ina 6.8; hizo ziko sawa. Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15, ambayo haitaji sababu. Kuna kerneli mpya zaidi ya kuipandisha, nayo ni bure, ila itabidi seva izimwe na kuwashwa upya.

Zana nyingine, pwru, huifuata pakiti moja fanksheni kwa fanksheni ndani ya kerneli. Ni tamu, lakini inakula prosesa. Usiiwashe bila kichujio kwenye seva yenye wateja. Inataka kerneli 5.3 kwenda juu pamoja na faili /sys/kernel/btf/vmlinux. Faili hilo likiwepo, usidanganywe kupakua kifurushi cha alama za utatuzi, maana kinaweza kumaliza karibu gigabaiti nzima ya bando lako.

Huduma za kulipia zinamfaa mwenye seva nyingi anayehitaji kumbukumbu za miezi. Kabla ya kusaini, uliza mambo mawili: je, inaonyesha sababu ya pakiti kutupwa au inachora grafu tu? Na kuhifadhi data kunatozwa kando?

Kuna pakiti ambazo kfree_skb haizioni kabisa: zile zinazofia kwenye kadi kabla kerneli haijazipokea. Hizo hujitokeza kwenye ethtool -S, kwa mfano rx_missed_errors. Hapo ongeza urefu wa foleni ya kadi kwa ethtool -G. Ni bure, ila kadi nyingi hukata mtandao kidogo wakati wa kubadilisha, basi ifanye usiku. Foleni ikishafika mwisho wake, mzigo wa prosesa uko chini na kihesabio bado kinapanda, sasa nenda kanunue kadi.